Mzee asiye na mtu Mafia: Huduma zipo wapi na unaanzia wapi?

Babu amevua pweza na kukwea minazi ujana wake wote. Leo miguu haina nguvu, watoto wako Dar, mke ametangulia mbele za haki. Jirani ndiye anampelekea uji asubuhi. Jirani akisafiri, je?

Swali hili linazikuta familia nyingi za Mafia. Haya ndiyo ya kujua.

Mzee ni nani?
Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Umri huohuo ndio wa kustaafu kwa lazima kwa mtumishi wa umma. Tofauti ni kwamba mtumishi ana pensheni. Mvuvi wa Jibondo au mkulima wa nazi wa Baleni ambaye hakuwahi kuchangia mfuko wowote, hana.

Mafia kuna makazi ya wazee?
Katika orodha ya makazi ya wazee yanayoendeshwa na Serikali, Mafia haimo. Yaliyomo ni kama Nunge (Kigamboni), Fungafunga (Morogoro), Njoro (Kilimanjaro), Kolandoto (Shinyanga) na Bukumbi (Mwanza). Baadhi yake, kama Nunge na Bukumbi, yalianza kama vituo vya watu wenye ukoma.

Kwa mtu wa Mafia, Nunge ndiyo ya karibu. Lakini karibu hiyo ni kuvuka bahari kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, kisha gari hadi Dar es Salaam.

Huko wanapata nini?
Malazi, chakula, mavazi, matibabu na uangalizi wa maofisa ustawi wa jamii. Makazi haya yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum.

Hata hivyo, si hosteli ya kumpeleka mzazi kwa sababu una kazi nyingi. Sera inasema wazi kuwa familia ndiyo ya kwanza kumtunza mzee, na makazi ni hatua ya mwisho. Yamekusudiwa mzee asiyejiweza na asiye na ndugu wa kumtunza.

Unaanzia wapi?
Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji. Hao wanamfahamu mzee na hali yake. Kutoka hapo suala linakwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri, ambaye anachunguza kama kweli hakuna ndugu, na kama kuna msaada unaoweza kumfikia mzee hapohapo nyumbani.

Msaada wa kupata bila kuhama
- Matibabu: Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo. Ulizia kitambulisho cha matibabu cha wazee kupitia kijiji au halmashauri. Dawa zikikosekana hospitali, familia hujikuta inanunua duka la dawa, kwa hiyo weka akiba kidogo.
- TASAF: Ruzuku inalenga kaya maskini, haitolewi kwa umri peke yake. Mzee anayeishi kwenye kaya iliyoandikishwa ananufaika.
- Baraza la wazee: Hapa ndipo mzee mwenyewe anaweza kusema linalomsumbua.

Hakikisha pia kitambulisho cha NIDA kipo na tarehe ya kuzaliwa ni sahihi. Mwaka ukikosewa, mzee wa miaka 68 anaweza kusomeka ana 58, na haki yake ikakwama.

Zanzibar wao wanafanyaje?
Tangu Aprili 2016, Zanzibar inamlipa pensheni jamii kila mkazi aliyefika miaka 70, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ilianza kwa Sh20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi Sh50,000. Unguja kuna pia makao ya wazee ya Sebleni na Welezo.

Mafia nayo ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, hadi ilipoingia mikononi mwa Wajerumani mwaka 1890. Leo mzee wa Kilindoni ni wa Tanzania Bara, na Bara haina pensheni ya aina hiyo kwa wazee wote.

Kabla ya kumvusha
Muulize mwenyewe. Kwa mzee aliyezaliwa Chole au Bweni, kuhama ni kuacha msikiti wake, makaburi ya wazee wake na watu wanaomwita kwa jina. Wapo watakaokubali kwa sababu njaa haina mjadala. Wapo watakaokwambia bora wafie kwao.

Akikataa, kazi inabaki kwetu. Gawaneni zamu: nani anapika, nani anampeleka hospitali, nani aliye Dar anatuma hela kwa simu kila mwezi. Andikeni kwenye grupu la familia ili isijekuwa kila mmoja anadhani mwenzake ameshatuma.