Kutoka Karanga Hadi Kinywe: Tope Anabaki Nalo Nani?

Haya wasomaji, leo tushuke kusini. Ukiwatajia wazee Nachingwea, wengi watakukumbusha karanga. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakafyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kwao wapate mafuta ya kula. Mvua na udongo hawakuvipima vya kutosha. Januari 1951 wakatangaza kuuacha mradi, pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea nayo haikumaliza miaka 20. Ardhi iliyokwanguliwa wakabaki nayo wenyeji. (Shuleni tulifundishwa kisa hiki kama kichekesho. Sijui nani alicheka.)

Sasa ni zamu ya mawe. Ruangwa kuna kinywe, kile cha kwenye penseli ambacho siku hizi kinatakiwa kwa betri za magari ya umeme. Nachingwea kuna nikeli ya kilima cha Ntaka. Ili kupata kinywe, mwamba husagwa, unga ukachanganywa na maji na kemikali, kinywe kikaelea na povu. Sehemu kubwa ya mwamba haina mnunuzi. Inakuwa tope, tope linawekwa bwawani, na bwawa linabaki hapo hata mgodi ukifungwa. Nikeli ya Ntaka nayo imefungamana na salfa. Mabaki ya mawe kama hayo yakikutana na hewa na mvua yanaweza kutoa asidi inayoyeyusha metali na kuziingiza kwenye maji.

Na msiniambie mabwawa hayavuji. Mei 2009 maji machafu ya mgodi wa North Mara yaliingia mto Tigithe. Miaka 10 baadaye, mwaka 2019, NEMC ikautoza mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa lake la topesumu. Novemba 7, 2022 ukuta wa bwawa la Mwadui ukapasuka, tope likavamia mashamba na nyumba za majirani.

Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka mwenye mgodi mkubwa aweke dhamana ya fedha za kurejesha mazingira. Safi. Ila ni kiasi gani, na imehesabiwa kwa miaka mingapi baada ya mzungu kufunga virago? Mwanakijiji akilipwa fidia ya mikorosho, je, kisima chake kimo kwenye hesabu? Mimi ningetaka karatasi ya dhamana hiyo isomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, kabla mkorosho wa kwanza haujakatwa.