Siku Tatu za Kivunde

Kivunde ni unga wa muhogo ambao jina lake tu linatangaza namna unavyotengenezwa. Neno hilo linakaa jirani na kuvunda, yaani kunuka kwa kuoza, na jirani na kuvundika, kama tunavyovundika ndizi mbichi ziive. Mihogo humenywa, ikalowekwa au ikafunikwa kwa siku kadhaa mpaka ilainike na kutoa harufu kali, kisha huanikwa juani na kutwangwa. Kanda ya Ziwa wana udaga wao, unaotoka katika ukoo huohuo wa mapishi. Asiyeuzoea hufikiri kwamba chakula kimeharibika na mpishi ameshindwa kukitupa. Kwa maoni yangu harufu ile ni mabaki ya kazi iliyolinda ubongo wa watu kwa karne kadhaa, na historia ya muhogo barani Afrika inatuonyesha uhusiano wa chakula, vijidudu na mishipa ya fahamu kwa uwazi kuliko sehemu kubwa ya habari za utumbo na ubongo tunazosikia siku hizi.

Habari hizo si za kupuuzwa. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja tumboni hutoa homoni za msongo kupita kiasi wanapobanwa, na tangu hapo maabara nyingi zimefuata njia hiyo. Inajulikana pia kuwa unene uliopitiliza katika umri wa makamo huambatana na hatari kubwa zaidi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Lakini mtu mnene huwa amebeba mambo mengi kwa mpigo: sukari, shinikizo la damu, usingizi mbovu, kukaa kitako kutwa. Kusema ni bakteria gani, kwa njia gani, amegusa sehemu gani ya ubongo wake, bado ni kazi ngumu. Kwenye muhogo mnyororo ni mfupi zaidi, na pete zake nyingi zinaonekana kwa macho.

Muhogo si mzaliwa wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazil hadi ukanda wa Kongo katika karne ya 16. Wenyeji wa Amazonia walikuwa na maarifa yao ya kuuondolea sumu: waliukuna, wakaukamua kwa mfuko mrefu wa kusukwa, wakaukaanga. Mmea ulipovuka bahari, sehemu kubwa ya maarifa hayo ilibaki ng'ambo, na wapishi wa Afrika ikawabidi wabuni yao. Wengine walitumbukiza mihogo mtoni au kwenye madimbwi, wengine wakailundika mpaka ukungu ukaota juu yake. Muhogo mchungu una linamarini, kemikali inayokaa kimya hadi ikutane na kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe, na hapo ndipo sianidi inapotoka. Katika mzizi mzima viwili hivyo vimetenganishwa na kuta za seli. Muhogo ukilowekwa, bakteria hulainisha kuta hizo, kimeng'enya kinakutana na linamarini, na sianidi inapotelea majini na hewani. Baada ya siku tatu au nne karibu sumu yote huwa imeondoka. Kinyume na anavyodhani mtu wa mjini, kuchemsha peke yake hakutoshi, kwa sababu moto huua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi na linamarini inabaki ndani ya chakula.

Kinachotokea siku hizo zinapopunguzwa kiliandikwa mwaka 1938. Daktari Mwitaliano Giovanni Trolli alikusanya taarifa kutoka Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji, za watu waliopooza miguu ghafla. Wayaka wa huko waliuita ugonjwa huo konzo, jina linalotoa picha ya miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, akaamka au akarudi kutoka safari ndefu miguu imekakamaa. Ulemavu huo hauongezeki wala haumwachi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wachanga wanaonyonya karibu wote husalimika. Miguu inasingiziwa tu, maana kilichoumia ni seli za neva zinazopeleka amri za ubongo kwenye misuli. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali, zaidi ya watu 1,000 walipatwa katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ambako ugonjwa uliitwa mantakassa. Mwaka 1985 ukaonekana Tarime, Tanzania, nao ukifuata nyayo za ukame.

Mtu anaweza kuona hapa hadithi ya ujinga wa vijijini. Ushahidi unasema vingine. Utafiti uliofanywa Zaire na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba barabara ya lami kwenda Kinshasa ilipofanya muhogo uwe bidhaa, familia zilianza kufupisha muda wa kuloweka ili mzigo uwahi gari. Kanuni walikuwa wanaijua vizuri. Walichokosa ni siku. Ukame hufanya jambo hilohilo kwa njia nyingine: muhogo mchungu ndio unaobaki shambani mahindi yakikauka, uchungu wake unaongezeka kwa kiu ya mmea, maji ya kulowekea yanakuwa haba, na tumbo halisubiri siku tatu. Tukumbuke kwamba tawala za kikoloni, Tanganyika ikiwemo, ziliwaamuru wakulima walime muhogo uwe akiba ya njaa. Kama akiba, haukuwaangusha: unavumilia ukame, na mzizi wake umejificha chini ambako nzige hawaufikii. Lakini amri ya kupanda ilihesabu mashina shambani, na haikuhesabu ndoo za maji wala siku za jikoni.

Kuna pingamizi lenye uzito kwamba nawabebesha vijidudu sifa isiyo yao. Sianidi ni sumu, na sumu haihitaji bakteria ili iue neva. Isitoshe, konzo huwapata watu waliokosa protini. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa inayotokana na protini, na jamii zinazokula muhogo mchungu pamoja na samaki au maharage hupona hata pale uandaaji unapolegea. Nakubali yote hayo, na sidai kwamba bakteria ndio kisa kizima. Ila linamarini ikimezwa kabla haijavunjwa, mwili wa binadamu hauna kimeng'enya chake wenyewe cha kuigawa. Kiasi fulani hupita na kutoka na mkojo. Wenye uwezo wa kuivunja ndani ya utumbo ni bakteria. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliolinganisha bakteria wa utumboni mwa watoto wa Kinshasa, Masi-Manimba na Kahemba, wilaya iliyoelemewa na konzo, ukakuta tofauti zinazogusa hasa uwezo huo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kisababishi, na chakula duni kinaweza kuwa ndicho kilichobadili bakteria kwanza. Hata hivyo unatupa picha ambayo hakuna mpishi wa kivunde angeishangaa: kazi ileile ya kuvunja linamarini huokoa ikifanyika ndani ya chungu, na huweza kudhuru ikifanyika ndani ya tumbo. Kuvundika ni kuwaachia vijidudu wamalize kazi hiyo nje ya mwili.

Wengine watasema ninaipamba mila. Mila ya kulundika mihogo hadi iote ukungu ina hatari zake, kwani ukungu mwingine una sumu yake, na mkono wa mpishi hauwezi kupima kilichobaki. Ni kweli, na dawa ya karibuni iliyofanya kazi haitumii vijidudu kabisa. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alibuni njia ya kulowanisha unga wa muhogo kwa maji, kuutandaza mwembamba na kuuacha saa mbili juani au saa tano kivulini, ili kimeng'enya kilichobaki kimalizie kazi na sianidi ipae. Ilipofundishwa vijijini Popokabaka, huko huko Kwango, visa vipya vilikoma. Lakini njia hiyo imeeleweka haraka kwa akina mama kwa sababu inafuata mantiki waliyoizoea ya maji, muda na hewa. Imewakopesha wasichokuwa nacho tena, nafasi ya kufupisha siku tatu ziwe saa chache bila kulipa kwa miguu ya mtoto.

Na si miguu tu. Kwa miongo kadhaa konzo ilihesabiwa kwa wanaotembelea fimbo, na aliyesimama wima aliandikwa mzima. Mwaka 2013 timu iliyomjumuisha daktari wa neva Mkongo Désiré Tshala-Katumbay ilichapisha vipimo vya kumbukumbu na ufahamu vya watoto wa Kahemba. Wenye konzo walifanya vibaya, jambo lililotarajiwa. Lakini wenzao wa kijiji hichohicho, wanaokimbia na kucheza bila dalili yoyote ya kupooza, nao walikuwa chini ya watoto wa kijiji jirani kisicho na ugonjwa. Walikuwa wamekula unga uleule, ulioanikwa kabla ya wakati wake.