Mjasiriamali

Neno hili lina viungo viwili, jasiri na mali. Halisemi lolote kuhusu ukubwa wa mtaji. Linamtaja mtu anayethubutu kuweka alichonacho mahali ambapo huenda kikapotea.

Tanzania tumelibana. Desemba 2018 serikali ilipoanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, walengwa walikuwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Muuza mitumba, mama lishe, mchoma mahindi: neno likawakumbatia hao, na ni haki yao. Lakini kijana anayeandika programu ya kuwaunganisha wakulima na wanunuzi, magazeti humwita mbunifu, na biashara yake startapu.

Sioni sababu ya kumnyima jina. Analipia bando na seva kabla hajapata mteja wa kwanza, na seva nyingi hutozwa kwa dola ilhali mteja, akipatikana, atalipa kwa shilingi. Programu ikikosa watumiaji, haiwezi hata kuuzwa kwa bei ya kutupa kama nyanya za jioni sokoni. Huo ni ujasiri kamili.

Mama lishe naye hayuko mbali na mtandao. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka uliofuata, na leo wengi wanalipwa kwa simu na kupokea oda kwa WhatsApp. Waandishi wenzangu, tuwaite wote wajasiriamali. Tukitaka kuwatofautisha, tuseme kila mmoja anauza nini.