Kindi wa Kibeta na historia ambayo haiko kwenye mtihani

Historia ya Bukoba tuliyofundishwa shuleni inaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari: Wahinda na falme zao, kahawa, Wajerumani, Vita vya Kagera. Kariri hayo, umefaulu. Leo naomba niandike habari za mkazi mmoja wa Bukoba ambaye hakuna mtihani utakaomuuliza. Namsema kindi. Wengine mnamwita kuchakuro. Yule mwenye mkia mkubwa kama mwili wake, anayepita juu ya ukuta wako asubuhi, anakimbilia kwenye mparachichi, kisha anasimama na kukutazama kama vile wewe ndiye mgeni pale.

Msicheke. Huyu mnyama ana historia, na ukiifuata vizuri utagundua kwamba ni historia yetu wenyewe.

Chukua Kibeta. Kwa wasiopafahamu, hii ni kata ya Manispaa ya Bukoba, mahali ambapo mji na shamba bado hawajaachana. Mbele kuna nyumba ya tofali na geti, nyuma kuna migomba, katikati ya migomba kuna mibuni, na juu ya vyote imesimama miti mikubwa. Hilo shamba linaloizunguka nyumba Wahaya wanaliita kibanja. Kindi anaishi humo. Swali langu ni hili: amefikaje humo?

Jibu la haraka ni kwamba amekuwepo siku zote, kwa sababu Kagera kuna misitu. Jibu hilo ni nusu tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alianza kuchimba Katuruka, kusini mwa mji wa Bukoba. Yeye na wenzake walionyesha kwamba watu wa huku walikuwa wanayeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita, kwa ufundi uliowashangaza wataalamu wa dunia nzima. Sasa fikiria: chuma kinataka moto mkali, moto unataka mkaa, mkaa unataka miti. Karne baada ya karne misitu ikapungua, na sehemu kubwa ya vilima ikabaki nyasi tupu. Nyasi hizo ndizo Wahaya wanaziita rweya.

Basi wazee wetu wakafanya kazi ambayo sijui kwa nini haiko kwenye vitabu vya darasa la tano. Walikata nyasi za rweya wakazitandaza chini ya migomba. Wakaongeza samadi ya ng'ombe, majivu na maganda ya jikoni. Walifanya hivyo mwaka huu, mwakani na mwaka unaofuata, mpaka udongo uliochoka ukawa mweusi. Juu ya migomba waliacha au wakapanda miti: mitoma iliyotoa magome ya kutengenezea nguo, mihumula ya mbao, na baadaye miparachichi na mifenesi. Kwa maneno mengine, waliupanda upya msitu, na safari hii waliuzungushia nyumba zao.

Kindi wa miti hana cha kufanya kwenye nyasi tupu. Anataka matawi ya kupitia, shimo la mti la kulala, matunda, mbegu na wadudu. Vyote hivyo anavipata kibanjani. Kwa hiyo kindi anayecheza uani kwako Kibeta anaishi kwenye msitu uliotengenezwa kwa mikono ya watu, na watu hao wana wajukuu. Wajukuu hao ndio ninyi mnaosoma hapa.

Halafu akaja Emin Pasha.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, daktari mzaliwa wa Silesia, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Ekwatoria kule Sudan. Desemba 1889 alifikishwa Bagamoyo na Stanley, na kwenye sherehe ya kumpokea akaanguka kutoka ghorofani, nusura afe. Alipopona akaingia kazi ya Wajerumani, na Novemba 1890 akaanzisha kituo chao Bukoba. Hapo ndipo vitabu vinapotuambia kwamba mji umeanza, kana kwamba waliokuwepo kabla ya hapo walikuwa wanasubiri foleni.

Lisilosemwa sana ni kwamba Emin alipenda ndege na wanyama kuliko alivyopenda utawala. Alikuwa anakusanya ngozi za ndege, panya na popo na kuzipeleka makumbusho za Ulaya. Msaidizi wake, Franz Stuhlmann, alikuwa mtaalamu wa wanyama. Emin aliuawa Kongo mwaka 1892. Miaka miwili baadaye Stuhlmann akachapisha kitabu chake kikubwa cha safari yao, na mwaka huo huo wa 1894 akampa kindi mmoja mdogo jina la bwana wake: Sciurus emini. Leo wataalamu wanamhesabu kama tawi la kindi wa Böhm, Paraxerus boehmi emini, mwenye mistari mgongoni. Kindi huyo wa Böhm anapatikana Kongo, Uganda, na mpaka huku kaskazini magharibi mwa Tanzania. Huyo Böhm naye alikuwa Mjerumani.

Haikuishia hapo. Mwaka 1895 Adolf Engler wa Berlin aliupa mhumula wetu jina la Maesopsis eminii. Mti ambao babu zetu walikuwa wanaujengea nyumba, ukapata baba mpya! Sina ugomvi na majina ya Kilatini, yanasaidia mtu wa Bukoba na mtu wa Brazil waongee kitu kimoja. Ninachosema ni kwamba jina lilikwenda makumbusho na ngozi iliyokaushwa, lakini mnyama mwenyewe alibaki hai kwa sababu kuna watu waliendelea kumwachia mti. Mchango wa kwanza umeandikwa. Wa pili haujaandikwa.

Tutoke nje kidogo ili tujue thamani ya tulicho nacho.

Wamarekani leo wanajulikana kwa kuwapenda kindi wa kwenye bustani za miji yao. Wengi hudhani kindi wale walikuwepo tangu zamani. Hapana. Mwaka 1847 mji wa Philadelphia uliachia kindi wachache kwenye bustani ya Franklin Square, wakawatengenezea vibanda na kuwalisha. Miti ilikuwa imekatwa, wanyama wamekwisha, ikabidi waletwe kama samani. Waingereza nao wakawachukua wale kindi wa kijivu wa Marekani, na mwaka 1876 wakawaachia Cheshire kwa ajili ya mapambo. Matokeo yake kindi wekundu wa asili ya Uingereza wamefukuzwa karibu nchi nzima, na ugonjwa wa ndui ya kindi unaobebwa na wale wageni umewamaliza.

Tusidhani ni ujinga wa Wazungu wa kwao tu. Mhumula huo huo wa Kagera ulipandwa Amani, milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1913. Huku kwetu ni mti mwema. Kule, hasa baada ya misitu kukatwa kwa ajili ya mbao, ndege wakubwa aina ya hondohondo walizisambaza mbegu zake, na mhumula ukageuka mvamizi. Somo ni moja: kiumbe na mahali pake ni kitu kimoja, ukivitenganisha unavunja vyote viwili.

Ndiyo maana nasema, ndugu msomaji, usimfungie kindi kwenye tundu. Kwanza sheria hairuhusu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama wote nchini ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba yetu, na kumkamata mnyamapori kunahitaji kibali. Kindi wa kwenye mparachichi wako si wako peke yako.

Pili, ni suala la afya. Aprili 2003 shehena ya wanyama wadogo wapatao 800 ilisafirishwa kutoka Ghana hadi Texas kuuzwa kama wanyama wa kufuga. Walikuwemo kindi, panya buku na nungunungu. Baadhi walikuwa na virusi vya ndui ya nyani, ambayo leo tunaiita mpox. Watu 47 katika majimbo sita waliugua au kushukiwa kuugua, na Marekani ikapiga marufuku kuingiza panya na kindi kutoka Afrika. Kindi akiwa juu ya mti wake hakumwambukiza mtu Texas. Aliyemtia kwenye sanduku ndiye aliyeusafirisha ugonjwa.

Lakini tusivuke mpaka upande wa pili pia. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Kagera na ukaua watu. Hofu ilikuwa kubwa, na ilikuwa halali. Ila virusi vya Marburg vinajulikana kuishi kwa popo wala matunda wakaao mapangoni. Kindi hana kesi hapo, asiuawe kwa kosa la mwingine. Kanuni ya wote ni ile ile: tazama, usishike.

Basi mtu amtunzeje? Kazi ni ndogo kuliko mnavyodhani. Mwachie mti mmoja mkubwa, hasa wenye mashimo. Usimzoeshe mkate wala chipsi, matunda yanayobaki juu ya mti yanamtosha. Weka bakuli la maji wakati wa kiangazi na libadilishe kila siku. Sumu ya panya uliyotupa nje itamuua yeye kabla ya panya uliyemkusudia. Ongea na vijana wenye manati. Mtoto wa kindi akianguka, mweke chini ya mti kwa kutumia kitambaa, ondoka, zuia paka na mbwa, mara nyingi mama yake humfuata. Na ndiyo, atakula karanga na mahindi yako kidogo. Funika mbegu, msamehe mengine.

Ila kubwa kuliko yote ni ardhi. Kibanja kinagawanywa kwa watoto, watoto wanauza kipande, kipande kinakuwa kiwanja, na kitu cha kwanza kufanywa kwenye kiwanja ni kukata miti ili gari la mchanga lipite. Sisemi watu wasijenge. Watu wanahitaji nyumba, na mwenye kiwanja cha robo eka hawezi kuishi kama babu yake. Lakini mti mmoja kwenye mpaka wa kila kiwanja hauzuii msingi wa nyumba, na matawi yakikutana kutoka ua hadi ua, kindi ana barabara yake.

Wazee wetu walikuta vilima vya nyasi wakaacha msitu. Sisi tumekuta msitu. Wewe unayejenga mwaka huu Kibeta, Kashai au Mbezi, kabla hujamwita fundi wa msumeno, hebu inua kichwa kwanza uone nani anaishi juu.