Fyuzi ya pikipiki

Fyuzi ya pikipiki ni kifaa kidogo cha usalama kinachokata umeme pale mkondo unapozidi kiasi ambacho nyaya za pikipiki zinaweza kubeba. Ndani yake kuna utepe au uzi mwembamba wa metali. Mkondo ukizidi, uzi huo huyeyuka na kukata njia ya umeme kabla ganda la waya halijaungua. Hivyo fyuzi iliyokata ni dalili tu: hitilafu yenyewe kwa kawaida iko mahali pengine, na isipotafutwa fyuzi mpya nayo itakata.

Kuitambua fyuzi sahihi ni kazi ngumu zaidi katika pikipiki za zamani, kwa kuwa maandishi ya kisanduku yamefutika, nyaya zimeungwa mara nyingi na sehemu za bodi zimetoka kwenye pikipiki nyingine.

Historia na aina

Fyuzi ilitumika katika umeme wa majumbani kabla ya kuingia kwenye vyombo vya moto. Thomas Edison alipata hataza ya fyuzi nchini Marekani mwaka 1890. Katika pikipiki kuna aina mbili zinazoonekana zaidi:

- Fyuzi ya kioo: kibomba kidogo chenye vifuniko vya metali kwenye ncha zote mbili. Ndiyo ya pikipiki nyingi za zamani. Urefu hutofautiana, kwa mfano milimita 20 au 30, na ile fupi hailingani na kishikio cha ile ndefu.
- Fyuzi ya plastiki yenye miguu miwili bapa: ilianza kutumika katika miaka ya 1970. Rangi yake huonyesha ukubwa: zambarau ni ampea 3, hudhurungi hafifu 5, kahawia 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25 na kijani 30.

Mahali inapokaa

Katika pikipiki nyingi ndogo fyuzi kuu iko karibu na betri, kwenye waya mwekundu unaotoka ncha chanya. Ili kuifikia hufunguliwa kava la ubavuni au siti. Nyaya kuu hutoka hapo, hupita chini ya tangi la petroli kando ya chasisi, kisha huingia nyuma ya taa ya mbele zinakokutana na nyaya za swichi za usukani. Nyaya za taa ya nyuma hupita chini ya siti na ndani ya madigadi.

Mota ya kuwashia injini haipitii fyuzi hiyo. Hutumia mkondo mkubwa unaopita kwenye waya mnene wa peke yake.

Katika pikipiki nyingi ndogo, hasa zilizofuata muundo wa Honda CG125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, taa ya mbele na cheche ya plagi hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye jenereta ya injini. Katika pikipiki ya aina hiyo fyuzi ikikata, honi na indiketa hufa lakini injini huwaka kwa kiki na taa ya mbele huendelea kuwaka. Kinyume chake, taa ya mbele ikizimika huku honi inalia, kosa halimo kwenye fyuzi.

Kutambua ukubwa sahihi

Jina lililobandikwa kwenye tangi au kava si ushahidi wa kutosha, kwani tangi, makava na madigadi hubadilishwa kila pikipiki inapoanguka au inapouzwa. Kinachoaminika zaidi ni namba ya chasisi, ambayo kwa kawaida hugongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini iliyo kwenye ubavu wa injini. Nchini Tanzania namba zote mbili huandikwa kwenye kadi ya usajili. Zikipishana na kadi, huenda injini ilibadilishwa, na mfumo wa umeme unaweza kuwa wa mchanganyiko.

Pale ambapo maandishi hayapo, ukubwa hukadiriwa kwa hesabu: wati hugawanywa kwa volti ili kupata ampea. Kwa betri ya volti 12:

- taa ya breki ya wati 21 hutumia ampea 1.75;
- indiketa mbili za wati 10 kila moja hutumia karibu ampea 1.7;
- taa ya mbele ya wati 35, kama inatumia betri, huchukua karibu ampea 2.9.

Vifaa vinavyoweza kuwaka kwa pamoja hujumlishwa, kisha huongezwa nafasi kidogo. Fyuzi haitakiwi kuzidi uwezo wa waya mwembamba kuliko wote inaoulinda. Kwa betri ya volti 6, iliyotumika katika pikipiki nyingi za zamani, wati zilezile huhitaji ampea mara mbili. Kwa hiyo fyuzi ya pikipiki ya volti 6 haiwezi kukisiwa kwa kuangalia ya volti 12.

Rangi za nyaya

Rangi hufuata kiwanda:

- Honda: kijani ni waya wa ethi, yaani unaorudi kwenye chasisi, nyekundu hutoka betri, nyeusi hupata umeme funguo ikiwashwa.
- Yamaha: nyeusi ni ethi, nyekundu ni betri, kahawia ni baada ya funguo.
- Suzuki: nyeusi yenye mstari mweupe ni ethi, chungwa ni baada ya funguo.
- Kawasaki: nyeusi yenye mstari wa njano ni ethi, kahawia ni baada ya funguo.

Waya mweusi ni ethi kwa Yamaha lakini una umeme kwa Honda. Fundi anayeunganisha swichi ya aina moja kwenye pikipiki ya aina nyingine bila kupima anaweza kusababisha shoti.

Kutafuta hitilafu

Fyuzi ya kioo iliyokata huonyesha sababu. Kioo kikiwa cheusi, mara nyingi kulikuwa na shoti ya ghafla. Kikiwa safi na uzi umeachana tu, mkondo ulizidi polepole au fyuzi ilichoka kwa mtikisiko.

Wakati fyuzi inapokata pia husaidia:

- funguo ikiwa imezimwa: waya kati ya fyuzi na swichi, au rektifaya;
- breki inapokanyagwa: waya au swichi ya taa ya breki;
- indiketa ya upande mmoja inapowashwa: waya wa upande huo;
- usukani unapokatwa: nyaya zilizochubuka kwenye shingo ya chasisi;
- kwenye mashimo: waya unaosuguana chini ya tangi au siti.

Ili kutoharibu fyuzi nyingi, balbu ya wati 21 huunganishwa mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu wakati vifaa vyote vimezimwa, kuna shoti. Soketi za nyaya huchomolewa moja baada ya nyingine, na ile inayoifanya balbu izime au ififie ndiyo yenye njia mbovu.

Mazingira ya bonde la Kilombero

Idete ni kata iliyo magharibi mwa mji wa Ifakara, mkoani Morogoro, katika bonde linalofurika maji wakati wa mvua na linalolimwa mpunga kwa wingi. Katika mazingira kama haya maji na matope huingia kwenye soketi za nyaya na kuleta kutu ya kijani. Vumbi la kiangazi hushika kwenye mafuta na kusugua maganda ya nyaya. Gunia zito la mpunga hukandamiza siti na madigadi juu ya nyaya za taa ya nyuma. Panya nao hutafuna nyaya za pikipiki zinazolala karibu na nafaka.

Hatari ya fyuzi bandia

Karatasi ya pakiti ya sigara, msumari au uzi wa shaba huwekwa mara nyingi badala ya fyuzi. Uzi mmoja wa shaba wenye unene wa nusu milimita huhitaji zaidi ya ampea 25 ili uyeyuke. Kabla ya hapo nyaya nyembamba za taa zinaweza kuwa zimeungua, na nyaya hizo hupita chini ya tangi la petroli. Kuweka fyuzi ya ampea 30 mahali pa ampea 10 kuna hatari ya namna hiyohiyo.

Kabla ya kubadilisha fyuzi, funguo huzimwa. Kazi ikigusa nyaya, waya hasi wa betri hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Fyuzi ya akiba ya ukubwa uleule huwekwa ndani ya kisanduku, ili dereva anayekatikiwa na umeme usiku asilazimike kutafuta kipande cha waya.