Kesi ya Moïse Katumbi (Lubumbashi, 2016–2019)

Kesi ya jinai iliyohusu mgogoro wa nyumba mjini Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Juni 2016 mahakama ya amani ya mjini humo ilimhukumu Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, kifungo cha miezi 36 akiwa nje ya nchi. Hakimu mmoja wa jopo alidai baadaye kwamba alishinikizwa kutia saini. Hukumu hiyo ilitumika kupinga haki yake ya kugombea urais. Aprili 2019 Mahakama ya Kasasioni, ngazi ya mwisho ya rufaa za jinai, iliitengua, na Mei 20 akarejea Lubumbashi. Kutenguliwa hufuta hatia yenyewe; msamaha wa rais, unaotajwa katika ibara ya 87 ya Katiba ya 2006, hugusa adhabu tu.