Jicho moja kwenye tundu la kifua

Juma hili nakuomba twende Stockholm, mji mkuu wa Sweden, mwaka 1910. Huko alikuwako daktari mmoja jina lake Hans Christian Jacobaeus. Hakuwa mpasuaji. Alikuwa tabibu wa magonjwa ya ndani, wale ambao kazi yao ni kugonga kifua cha mgonjwa kwa vidole, kutega sikio, na kukisia kilichomo. Mwaka huo alichapisha makala katika jarida la madaktari la mjini Munich. Alieleza kwamba ameuchukua mrija wenye taa na vioo, uliotengenezwa kwa ajili ya kutazamia kibofu cha mkojo, akaupitisha katikati ya mbavu za wagonjwa wenye maji kifuani, akayaona mapafu yao kwa macho yake wakiwa hai.

Kwa haki, hakuwa mtu wa kwanza kabisa kuchungulia. Huko Dublin, katika miaka ya 1860, daktari Francis Cruise alikwisha kutazama ndani ya kifua cha binti mmoja mwenye usaha. Lakini jambo lile lilipita kama mvua ya rasharasha. Aliyelifanya kuwa kazi yenye utaratibu ni Jacobaeus.

Sasa, kwa nini mtu atake kuchungulia kifua? Sababu ilikuwa kifua kikuu. Dawa hazikuwako. Mtaliano Carlo Forlanini alikuwa amependekeza tangu 1882 kwamba pafu lenye vidonda lipumzishwe. Unaingiza hewa kwa sindano kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu linasinyaa kama puto lililotobolewa, na mashimo yaliyochimbwa na ugonjwa yanapata nafasi ya kujifunga. Tiba hii ilienea Ulaya na Marekani. Tatizo lilikuwa kwamba kwa wagonjwa wengi ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kuligandisha pafu kwenye mbavu kwa nyuzi nyuzi za utando. Hewa inaingia, pafu halisinyai, tundu linabaki wazi, na mgonjwa anaendelea kukohoa damu.

Mnamo 1913 Jacobaeus akatoboa tundu la pili. Katika tundu la kwanza aliweka mrija wa kutazamia, na katika la pili akapitisha waya uliopashwa moto kwa umeme. Akazikata zile nyuzi moja baada ya nyingine, bila kukifungua kifua. Hapo ndipo mtazamaji alipogeuka mtendaji, na upasuaji wa kifua kwa matundu madogo ukazaliwa mikononi mwa mtu ambaye si mpasuaji.

Ilikuwa kazi ya hatari. Ndani ya uzi wa utando huweza kupita mshipa wa damu, au hata kipande cha pafu lenyewe. Ukikata pasipopaswa, damu inamwagika mahali ambapo mkono wako haufiki. Jacobaeus alilijua hilo, na tangu mwanzo alisisitiza kwamba mtu asiikimbilie kazi hii bila kuwa na mazoezi ya kutosha, kwanza kwa maiti. Ninalitaja makusudi kwa sababu tutalirudia.

Maana hapo palikuwa na kizuizi ambacho nadhani wengi hawakifikirii. Mrija ule ulikuwa na mahali pa jicho moja tu. Nenda gereji yoyote mjini ukamwangalie fundi. Boneti imeinuliwa, vichwa vitatu vimeinama, kijana wa spana anaona mkono wa fundi unavyozunguka, na akikosea anapigwa kikumbo. Hivyo ndivyo ufundi unavyorithishwa. Katika chumba cha Jacobaeus, mwanafunzi alisimama pembeni akiutazama mgongo wa mwalimu. Mwalimu akimwachia nafasi achungulie, basi mwalimu mwenyewe haoni tena. Kwa hiyo elimu yote ilikaa katika jicho moja, na kila aliyetaka kujifunza alianza upya karibu peke yake.

Jacobaeus alifariki 1937. Miaka sita baadaye, katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, kijana Albert Schatz akaipata streptomaisini. Ikaja isoniazidi mwaka 1952. Pafu halikuhitaji tena kusinyazwa. Nasi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika habari hii, wala si ndogo: ni majaribio yaliyoanza 1970 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na watafiti wa Uingereza, yaliyosaidia kuthibitisha kwamba dawa zikichanganywa vizuri matibabu ya kifua kikuu yanaweza kwisha kwa miezi 6. Ushindi wa dawa ukaupeleka mrija wa Jacobaeus kabatini. Walioendelea nao walikuwa wachache, mathalani Christian Boutin huko Marseille na Robert Loddenkemper huko Berlin, ambao waliutumia kuchukulia vipande vya utando kwa uchunguzi.

Wapasuaji wao walikwenda njia nyingine. Walikifungua kifua. Mkato unaanza karibu na bega mgongoni, unazunguka chini ya kwapa mpaka mbele, misuli inakatwa, kisha mbavu zinatanuliwa kwa chuma cha meno kinachoitwa kwa jina la Enrique Finochietto wa Argentina, ambacho huzungushwa kwa mkono kama jeki. Saratani ya pafu iliondolewa hivyo, na watu wakapona. Lakini mara nyingi maumivu hayatoki pafuni. Yanatoka kwenye mbavu zilizotanuliwa na mishipa ya fahamu iliyobanwa chini yake, na wapo wanaoyabeba miezi mingi baada ya kidonda kupona. Mwenye kovu la namna hiyo atakuambia kwamba kucheka ni adhabu.

Mambo mawili yakaja kulitoa jambo kabatini. La kwanza lilitoka Stockholm hiyo hiyo. Eric Carlens alitengeneza mwaka 1949 mrija wa kupumulia wenye njia mbili, kila pafu na njia yake. Aliutengeneza kwa ajili ya kupima nguvu ya kila pafu, lakini wenye kutoa nusu kaputi wakagundua kwamba kwa kifaa hicho pafu moja laweza kulazwa huku jingine likipumua. Bila nafasi hiyo, kamera kifuani haina pa kutazama.

La pili ni kamera yenyewe. Katika miaka ya 1980 kamera za video zikawa ndogo za kutosha kufungwa kwenye mwisho wa mrija, na picha ikatupwa kwenye televisheni. Watu husifu ukubwa wa picha. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni kwamba chumba kizima kiliona. Msaidizi, muuguzi, mwanafunzi, wote wakatazama kile anachokitazama mwalimu. Miaka 70 na zaidi baada ya Jacobaeus, kijana wa spana akapewa nafasi kwenye boneti.

Walioanza ni watu wa tumbo. Erich Mühe huko Ujerumani alitoa kibofu cha nyongo kwa matundu madogo mwaka 1985, na Philippe Mouret wa Lyon akafanya hivyo kwa video mwaka 1987. Kilichofuata hakikuwa cha kujivunia. Wapasuaji walihudhuria mafunzo ya siku mbili za mwisho wa wiki, wakajaribu kwa nguruwe, na siku chache baadaye wakamshika binadamu. Mirija ya nyongo ikakatwa pasipopaswa, hata jimbo la New York likalazimika mwaka 1992 kutoa mwongozo kwamba mpasuaji asimamiwe kwanza kabla ya kuachwa peke yake. Kile alichokisema Jacobaeus kilikuwa kimesahauliwa pamoja na mrija wake.

Wa kifua walikuwa waoga zaidi, na uoga ule ulikuwa na akili. Mshipa mkubwa unaoingia pafuni una ukuta mwembamba. Ukichanika, huna dakika za kutafakari. Hata hivyo, mwaka 1991 Giancarlo Roviaro wa Milan aliondoa sehemu nzima ya pafu lenye saratani kwa njia ya kamera, akitumia chombo kinachopiga pini na kukata mshipa kwa wakati mmoja. Mwaka 2010 Diego González Rivas wa A Coruña, Hispania, akaifanya kazi hiyo kupitia tundu moja tu.

Je, mgonjwa anafaidika kweli? Hapa utafiti ulikwenda kwa mwendo wa kobe. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa 1995, lenye wagonjwa 55, halikuona tofauti kubwa. Ilibidi kungoja hadi 2016, Wadenmark wa Odense walipochapisha jaribio la wagonjwa 206: waliotobolewa walipata maumivu kidogo zaidi katika mwaka mzima uliofuata. Kisha 2022 Waingereza wakatoa matokeo ya wagonjwa 503 kutoka hospitali 9. Baada ya wiki 5, waliofanyiwa kwa kamera walikuwa na nguvu zaidi katika shughuli zao, na walikaa hospitalini kama siku 4 badala ya 5. Saratani iliondolewa sawasawa kwa njia zote mbili. Miaka 31 tangu Roviaro!

Limebaki suala la kujifunza. Wataalamu wengi hutaja kama operesheni 50 kabla mkono haujatulia. Mwanafunzi huanza kwenye mashine ya kompyuta yenye pafu la bandia, kisha anashika kamera, halafu anapewa hatua moja moja chini ya mwalimu, huku kila kosa likionekana na wote. Lakini siku ile mshipa unapochanika, dawa ni kukifungua kifua haraka kwa mkato ule ule wa zamani. Katika hospitali ambako kamera imekuwa ndiyo njia ya kawaida, kijana anayehitimu huenda amekiona chuma cha Finochietto mara chache sana, na walimu wake sasa wanahangaika wamfundishe lini, na kwa mgonjwa yupi.